Gesti ya mjini, nyumba nzima au Shela: kuchagua pa kulala katika majumba ya mawe ya Lamu

Wageni wengi wakishuka gatini Lamu huuliza kama mtu anaweza kulala ndani ya Ngome. Hapana. Ngome ile ilianza kujengwa karibu na 1813, baada ya vita vya Shela, ikakamilika 1821. Ilikuwa jela hadi 1984, na leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya: unaingia mchana kwa tikiti, na jioni milango inafungwa. Lakini ukiipita Ngome ukaelekea kaskazini, unaingia Mkomani, mtaa wa majumba ambayo kila moja ni ngome ya ukoo: kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita, mlango mmoja wa nakshi, na hakuna dirisha la chini linalotazama njiani. Haya ndiyo yanayolalika.

Kulaza wageni si jambo geni katika nyumba hizi. Zama za majahazi, mfanyabiashara aliyekuwa akingoja upepo ugeuke alipewa sabule, chumba cha ghorofani chenye ngazi yake, ili aingie na kutoka bila kupita katikati ya wanawake wa nyumba. Gesti za leo zimefuata njia hiyo hiyo, na baada ya mji kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 hamu ya watu kulala ndani ya kuta hizi imezidi.

Tunalinganisha njia tatu: chumba kimoja katika gesti iliyo ndani ya nyumba ya kale, Lamu mjini, nyumba nzima ya kale, mjini vilevile, na nyumba ya Shela, kilomita tatu hivi kusini. Hatutaji nyumba kwa jina wala bei ya usiku. Bei hupanda na kushuka kwa msimu, na nyumba iliyokuwa nzuri mikononi mwa msimamizi mmoja huweza kuharibika mikononi mwa mwingine. Tutakayoyaeleza ni yale yasiyobadilika: jiwe, boriti, maji, upepo na ngazi.

Vigezo, kabla ya kutazama picha

Tunaanza na ngazi, maana watu huzisahau na ndizo zinazovuruga safari nyingi. Katika nyumba ya kale wenyewe walikaa juu. Chini palikuwa pa ghala, pa kazi na pa watumwa. Kwa hiyo vyumba vizuri viko ghorofani, na ngazi ya kuvifikia ni ya mawe, nyembamba, yenye kona, mara nyingi bila mahali pa kushikia mkono. Kidato kimoja kinaweza kufika sentimita 25 au zaidi kwa kimo, wakati ngazi ya nyumba ya kisasa huwa na vidato vya sentimita 17 hivi. Mzee mwenye magoti mabovu atapanda mara moja, akifika juu hatashuka hadi kesho. Usiulize "Je, kuna chumba cha chini?" kwa sababu utajibiwa ndiyo hata kama kuna vidato vitatu vya daka (baraza la mlangoni) na viwili vya kuingilia chooni. Uliza idadi: ni vidato vingapi kutoka njiani hadi kitandani, na vingapi kutoka kitandani hadi chooni?

Upana wa chumba nao una sababu yake. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka pengo kubwa. Ndiyo maana vyumba vya kale huishia upana wa mita mbili na nusu hadi karibu mita tatu, hata kama urefu wake ni mita kumi. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kikiwekwa kwa kukingama katika chumba cha mita 2.7, hubaki njia isiyofika mita moja. Kitanda cha pili hakiwezi kukaa ubavuni. Kitakaa mbali, mwisho wa chumba. Familia inayotaka vitanda vitatu vilivyokaribiana ijue hilo mapema.

Joto linahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu wageni wengi huchagua kinyume. Ukuta mnene hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Chumba cha nyuma kabisa, kile Waamu wanachokiita *ndani*, ni baridi saa nane mchana lakini kizito saa nne usiku, maana hakina dirisha la kupitishia upepo. Chumba cha juu kilichoezekwa makuti huenda kinyume: adhuhuri hakikaliki, usiku kinapata upepo wote. Mama mwenye mtoto mchanga anayelala mchana atapumua katika chumba cha ndani chenye feni. Mtu mzima anayetoka asubuhi na kurudi magharibi achukue cha juu. Feni ya dari na chandarua kizima, kisicho na tundu, si anasa. Bila hivyo viwili usilipe.

Maji ya kisiwa hutoka visimani, chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huchujwa na mchanga na kutulia juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake; yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kwa sababu hiyo maji ya bomba huwa na chumvi kidogo, sabuni haitoi povu la kutosha, na mfereji hautoki saa zote. Nyumba huishi kwa tangi. Piga hesabu: mtu mmoja anayeoga mara mbili na kutumia choo cha kuvuta anamaliza lita 60 hadi 80 kwa siku. Watu wanane ni lita 480 hadi 640. Tangi la lita 1,000 lisilojazwa huwafikisha siku mbili kwa shida, au pungufu. Kwa hiyo uliza ukubwa wa tangi, linajazwa mara ngapi, na umeme ukikatika pampu inaendeshwa na nini. Maji ya kunywa ni mengine; uliza kama yanatolewa au mnanunua.

Kuna jambo moja ambalo picha hulificha: plasta. Kuta za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayo hayo. Chokaa hupumua, unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutoka. Aliyepiga plasta ya saruji ameufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, plasta huvimba na kubambuka, na chumba hutoa harufu ya uvundo inayoingia hadi kwenye nguo zilizo sandukuni. Dalili huonekana katika mita moja ya chini ya ukuta, na picha nyingi za matangazo hukatwa juu ya hapo. Omba video fupi inayopita chini ya ukuta, nyuma ya kitanda.

Mwisho kuna sitara, kelele na gharama yote kwa jumla (si bei ya usiku peke yake). Haya tutayaona ndani ya kila chaguo.

Chumba katika gesti ya nyumba ya kale, Lamu mjini

*Jengo na vyumba.* Hapa unapata nyumba ya kale kwa bei ya chumba kimoja. Unaingia kwa daka lenye mabaraza, unapita kona iliyowekwa makusudi ili mpita njia asione ndani, unatokea kwenye kiwanda, ua ulio wazi juu, ambao vyumba vyote huutazama. Katika nyumba zilizotunzwa utaona zidaka, vile vijisanduku vya ukutani vilivyopambwa kwa plasta ya chokaa, ambamo zamani ziliwekwa sahani za China na misahafu. Vyumba katika gesti moja hutofautiana kuliko vyumba vya hoteli: namba 3 huenda ikawa sabule yenye hewa, na namba 4 ikawa ghala lililotiwa kitanda, na bei zikawa sawa. Taja chumba unachokitaka, usikubali "chumba chochote cha watu wawili".

*Hewa, maji na simu.* Ukifika mapema una nafasi ya kuchagua ghorofa. Maji huwa na mtu wa kuyaangalia, na hilo ni faida kubwa: pampu ikigoma si kazi yako. Intaneti ni hadithi nyingine. Ukuta wa nusu mita huzuia mawimbi. Mtambo ukiwekwa kiwandani, chumba cha nyuma hakipati kitu. Mwenye kazi ya mtandaoni apime akiwa ameketi kitandani, kabla ya kufungua begi.

*Kelele na sitara.* Kiwanda ni kama kinanda. Mazungumzo ya chini saa tano usiku husikika juu neno kwa neno. Mji una misikiti zaidi ya ishirini, na adhana ya alfajiri inasikika mahali pote. Anayeswali anafurahi, asiyezoea atashtuka siku ya kwanza. Punda hulia saa yoyote. Mlango mkubwa hufungwa usiku kwa komeo, kwa hiyo uliza ni nani anayefungua ukirudi saa saba kutoka maulidini au harusini.

*Chakula.* Kiamshakinywa mara nyingi kimo ndani ya bei. Chakula kingine kiko njiani, hatua chache: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya rojo na mishikaki jioni, samaki wa kupaka na wali wa nazi katika mikahawa ya pwani. Ramadhani mambo hugeuka, mikahawa mingi haifunguliwi mchana na futari huanza kuuzwa alasiri.

*Gharama.* Ni ndogo kuliko zote kwa mtu mmoja, wawili au watatu. Kuanzia familia ya vyumba vitatu, hesabu inaanza kuelekea nyumba nzima.

*Inamfaa nani.* Msafiri wa peke yake, wanandoa, mwanafunzi anayekuja kusoma majengo, na yeyote anayekaa usiku mmoja hadi mitatu. Haimfai mwenye usingizi mwepesi wala familia inayotaka kupika.

Neno kuhusu mtaa. Mkomani ndiko kwenye majumba makubwa ya kale na utulivu zaidi. Langoni, upande wa kusini, ni mchanganyiko: nyumba ndogo, maduka, watu wengi, bei nafuu. Msikiti wa Riyadha uko Langoni, kwa hiyo aliyekuja kwa Maulidi ana sababu nzuri ya kulala huko. Kutoka Mkomani kufika Riyadha ni robo saa kwa miguu kwa mtu mwenye afya, lakini usiku wa Maulidi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hujaa watu, na robo saa inakuwa nusu saa.

Nyumba nzima ya kale, Lamu mjini

*Jengo na vyumba.* Kuta ni zile zile, na hapa unaishi ndani ya mpango wenyewe: msana wa tini na msana wa yuu (kumbi ndefu mbili zinazofuatana), ndani, kisha paa. Vyumba hivi havikugawanywa kwa mlango na kufuli kama vya hoteli. Kimoja huingilia kingine, na faragha ilikuwa ni kwenda mbali zaidi ndani. Kwa familia moja ni raha. Kwa marafiki wanne wasiozoeana ni tabu, kwa sababu anayelala ndani hupita kwenye kitanda cha anayelala msanani. Usihesabu vitanda, hesabu milango inayofungwa. Nyumba inayotangazwa kuwa "ya watu kumi" inaweza kuwa na milango mitatu tu ya namna hiyo.

*Choo na birika.* Nyumba za asili zilikuwa na birika chooni, tangi la kujengwa ambalo maji huchotwa kwa kata, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu. Zipo nyumba zilizolihifadhi. Ukilikuta, usioge ndani yake wala usitie sabuni. Chota, jimwagie kando. Birika lililokaa na maji bila samaki na bila kifuniko ni kitalu cha mbu, na inafaa liondolewe maji kabla hamjafika.

*Hewa na sitara.* Mna paa lenu, na paa ndiyo sebule ya jioni. Hata hivyo paa la Mkomani linatazamana na mapaa mengine na viwanda vya majirani. Kuota jua nusu uchi hapo, au kuchungulia chini, ni kumvunjia jirani heshima, na msimamizi ndiye atakayelaumiwa mkiwa mmekwisha kuondoka. Kwa upande wa wanawake wa familia, sitara ndani ya nyumba nzima haina mfano: kiwanda ni chao, mlango mmoja, hapana mgeni mwingine.

*Msimamizi na mpishi.* Hapa ndipo nyumba nzima hufaulu au huharibika. Mwenye nyumba huenda yuko Nairobi au Ulaya. Anayekupokea, anayejaza tangi, anayejua fundi wa pampu ni msimamizi. Zungumza naye mwenyewe kwa simu kabla ya kulipa. Muulize haya:

– Analala humo au anakuja mchana tu?
– Tokeni za stima ni za nani? Katika nyumba nyingi mgeni hununua baada ya kiasi fulani, na kiyoyozi kikiwashwa usiku kucha tokeni huyeyuka.
– Mtungi wa gesi umejaa? Ukiisha katikati ya safari analipa nani?
– Mpishi yumo ndani ya bei, na ananunua sokoni kwa pesa zetu au zake?

Utaratibu unaotuliza mioyo ni huu: usiku mnaamua chakula cha kesho, asubuhi mpishi anapewa pesa, anakwenda soko lililo kando ya Ngome kabla ya saa mbili, wakati samaki ni wa usiku huo, anarudi na chenji na hesabu ya mdomo au ya karatasi. Wageni wanaompa pesa za wiki nzima kwa mkupuo mmoja huishia kutiliana shaka naye bila sababu. Tena tajeni mapema idadi ya watu: mpishi wa watu sita hawezi kuwalisha kumi na wawili kwa sababu binamu wamefika kutoka Mpeketoni.

Kitu kimoja zaidi: funikeni chakula. Paka wa Lamu wamezaliwa katika nyumba hizi na wanajua kila njia ya kuingia jikoni.

*Gharama.* Fanya hesabu hivi: bei ya nyumba kwa usiku, mara siku, jumlisha mpishi, soko, tokeni, maji ya kunywa na kahawa ya msimamizi, kisha gawa kwa watu na kwa siku. Ukilinganisha na gesti, usisahau kuongeza milo ya mkahawani upande wa gesti. Kwa kawaida watu sita na kuendelea, siku nne na kuendelea, nyumba nzima huanza kuwa nafuu. Watu watatu kwa siku mbili hawataona nafuu hiyo, na nyumba nyingi zina idadi ndogo kabisa ya usiku wa kukodi.

*Inamfaa nani.* Ukoo unaokuja harusini, familia ya likizo yenye bibi na watoto (ikiwa ngazi zinaruhusu), watu wa Ramadhani wanaotaka futari na daku nyumbani. Haimfai anayetaka kuhudumiwa bila kupanga lolote.

Shela

*Jengo.* Watu wa Shela wana mafungamano ya kale na Takwa, mji wa kisiwa cha Manda ulioachwa mwishoni mwa karne ya 17, na Msikiti wa Ijumaa wenye mnara ulijengwa 1829. Lakini nyumba nyingi za wageni hapa ni za miongo ya karibuni, zimejengwa upya au kupanuliwa kwa mtindo wa kale: boriti, chokaa, zidaka, ila vyumba vipana, ngazi zilizo laini zaidi na vyoo kila chumba. Anayetafuta jiwe lenye miaka mia mbili aulize waziwazi ni sehemu gani ya nyumba ni ya kale. Mara nyingine ni mlango tu, tena uliotoka kwingine. Anayetaka ladha ya kale na goti salama atashukuru kwa upya huo.

*Hewa na maji.* Upepo ni mwingi kuliko mjini, na wakati wa kusi mchanga huingia kila mahali, hata kwenye chandarua. Vilima vinavyotunza maji ya kisiwa viko hapa nyuma. Visipandwe kwa pikipiki wala kuchafuliwa. Ni kisima cha mji mzima.

*Bahari.* Hapa Shela haina mpinzani. Lamu mjini ni gati na ukuta wa bahari, haina ufuo wa kuogelea. Shela ina ufuo wa mchanga wa kilomita 12 hivi. Kwenye mdomo wa mkondo, maji yakianza kupwa huvuta kwa nguvu. Watoto waoge maji yakiwa yametulia, yakiwa yamejaa au yamekupwa kabisa. Wakati wa kusi mawimbi ya upande wa bahari kuu ni makubwa.

*Usafiri.* Kila kitu kingine kiko mjini: benki, soko, hospitali ya King Fahd, gati la boti za Mokowe, bandari ya bara. Kwa boti ni dakika kumi hadi robo saa, kwa miguu dakika 40 hadi 45. Usiku nauli hupanda, na boti lazima iagizwe. Kubaliana bei kabla ya kupanda, na hakikisha kama ni ya boti nzima au ya kila kichwa.

*Gharama.* Ni kubwa kuliko zote, na nauli za boti huongezeka kimya kimya: familia inayokwenda mjini na kurudi mara mbili kwa siku itahisi mwisho wa wiki.

*Inamfaa nani.* Waliokuja kwa bahari, fungate, wazee wanaohitaji chumba cha chini cha kweli, na wanaokaa wiki nzima bila haraka. Haimfai mwenye shughuli mjini kila siku.

Msimu na mwezi hubadilisha majibu

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni msimu wa joto na wa wageni wengi. Chumba cha juu chenye uwazi upande wa kaskazini ndicho cha kupigania. Masika, hasa Mei, nyumba nyingi za Shela hufunga kwa matengenezo, bei ya mjini hushuka, makuti huvuja na nguo hazikauki. Ukija wakati huo, chagua chumba chini ya dari ya mawe, si chini ya makuti. Julai hadi Septemba kuna kusi na hali ya hewa nzuri ya kulala. Mwezi wa Maulidi mji hujaa, na anayetafuta chumba wiki moja kabla atapata mabaki.

Maji nayo yana ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri kuelekea jioni, na hupwa sana kabla ya adhuhuri. Matokeo yake ni mawili. Sehemu ya njia ya miguu kati ya Lamu na Shela hufunikwa na maji jioni, kwa hiyo matembezi ya saa kumi na moja hugeuka kuwa boti. Na asubuhi maji yakiwa yamekupwa, boti ya Shela haifiki ufuoni. Unateremka na kutembea ndani ya maji na sanduku kichwani. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na hakuna tabu hiyo.

Kwa wanaokuja kwa barabara kupitia Malindi, Garsen na Witu, basi huishia Mokowe, kisha boti ya nusu saa hivi, au pungufu kwa boti ya kasi. Weka kitambulisho mkononi, njiani kuna vizuizi vya ukaguzi. Panga kufika Mokowe kabla ya giza. Wanaotua kwa ndege Manda wana mkondo tu wa kuvuka.

Kabla ya kutuma amana

Piga simu ya video, si picha. Mwambie aliye nyumbani aanzie njiani, apande ngazi bila kukata, aonyeshe kitanda, mita ya chini ya ukuta, choo huku mfereji umefunguliwa, kisha tangi. Dakika tano zinatosha. Hakikisha jina linalotokea kwenye M-Pesa ni la mtu uliyetajiwa kuwa mwenye nyumba au msimamizi. Dalali si mtu mbaya, lakini asipoweza kukuunganisha na aliye ndani ya nyumba, subiri. Andikiana kwa ujumbe: tarehe, idadi ya watu, chumba au milango, kilichomo ndani ya bei, na amana itarudi kiasi gani safari ikivunjika. Uliza pia hamali. Gari halifiki mlangoni. Mizigo hubebwa na mtu au punda, na msimamizi mwema hutuma mtu gatini.

Kwa hali yako

Unakuja peke yako au wawili, siku mbili tatu, unataka kuona mji: gesti ya Mkomani, chumba cha juu. Kama ni Mei, chini ya dari ya mawe.

Mnakuja kwa Maulidi: Langoni, hata kama nyumba ni ya kawaida zaidi, na mkubaliane na mlinzi kuhusu mlango wa usiku.

Ukoo wa watu wanane kwa harusi ya mjini: nyumba nzima, milango minne inayofungwa au zaidi, tangi la lita 2,000 au linalojazwa kila siku, na mpishi aliyeambiwa idadi ya kweli.

Mna mzee asiyepanda ngazi: tafuteni Shela kwanza. Mkilazimika mjini, nyumba yenye chumba na choo cha chini kwenye kiwanda, mkihakikishiwa idadi ya vidato kwa video. Kama mzee ana maradhi yanayoweza kumzidia usiku, mizani inarudi mjini, karibu na hospitali, maana kutoka Shela usiku wa manane utatafuta nahodha kwanza.

Mna watoto wadogo: paa na ngazi zisizo na ukingo ndizo hatari kubwa ya nyumba ya kale, kuliko bahari. Ukuta wa paa chini ya mita moja si wa mtoto wa miaka mitatu. Shela yenye ua wa chini, au nyumba ya mjini ambayo mlango wa ngazi ya paa unafungwa kwa ufunguo.

Unafanya kazi kwa mtandao: gesti au nyumba iliyopimwa kutoka chumba chenyewe, na inveta au sola ya kubebea saa za umeme kukatika.

Mna usiku nne au tano na hamtaki kukosa lolote: gaweni. Anzeni mjini usiku mbili, mkiwa na hamu ya kutembea vichochoro, kisha hamieni Shela mkiwa mmechoka. Siku ya kuhama tazameni maji: kama ni bamvua, ondokeni gatini alasiri maji yakiwa yanajaa, boti itafika ufuoni na mizigo itashuka mikavu.